Shanga juu ya nyuzi: kisa cha piano iliyotakiwa kusema mughamu

Chukua mkufu wa shanga za kioo, wa kawaida tu, wa kuvaa harusini. Fungua kifuniko cha piano kubwa, ile ya kulala, maana ya kusimama ukutani haifai. Ulaze mkufu juu ya nyuzi za katikati, kisha kaa upige. Noti ni ile ile iliyoandikwa, lakini imekuja na mkwaruzo mwembamba wa kioo na chuma, na inakatika mapema kuliko ulivyozoea. Mtu aliyeko chumba cha pili hatasema kuna piano inapigwa. Ataanza kubahatisha: udi? kanuni? gambusi yenye kasoro?

Ndivyo alivyofanya Franghiz Ali-Zadeh, mtunzi na mpiga piano wa Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, mwaka 1989. Kipande chenyewe ni cha piano peke yake, na jina lake halina mbwembwe: Muziki kwa Piano. Alikipitia tena mwaka 1997. Nimekisikiliza mara nyingi, na kila mara narudi kwenye swali lile lile. Kwa nini shanga? Mtu aliyesomea piano konsavatori, yaani chuo cha muziki, anayeijua Ulaya nzima kwa vidole vyake, aliona nini hata akaamua kwamba ili piano iseme lugha ya kwao lazima kwanza aivishe mkufu?

Tukisikia habari ya kuchanganya muziki wa jadi na piano, wengi wetu tunawaza jambo jepesi: chukua wimbo wa kienyeji, uubandikie mkono wa kushoto, tayari. Kisa hiki kinaonyesha kwa nini hiyo haitoshi, na pia kinaonyesha mahali ambapo hata fundi mkubwa hukwama.

Piano ilikuwa inaombwa kitu gani

Mughamu, muziki wa jadi wa Waazeri, watu wa Azerbaijan, hupigwa na watu watatu. Mwimbaji, wanamwita khanende, hushika gavali mkononi, ngoma ya duara ya ngozi upande mmoja ambayo mtu wa Pwani akiiona atasema ni dafu. Pembeni yake kuna mpiga kamancha, chombo cha nyuzi 4 kinachosimamishwa gotini kwa mguu wa chuma. Mpigaji hukizungusha chombo chenyewe kikutane na upinde. Na yupo mpiga tar. Usiichanganye na tari yetu ya kupiga kwa kiganja. Tar ya Azerbaijan ina nyuzi 11, tumbo lake limechongwa kwa mti wa mforsadi kwa umbo la tarakimu 8, na hushikwa juu kifuani. Baadhi ya nyuzi zake hazibonyezwi na kidole; kazi yake ni kuitikia nyuzi nyingine zinapopigwa. Aliyeipa tar umbo hilo ni fundi na mpigaji wa mji wa Shusha wa karne ya 19, Sadigjan.

Wanachopiga si wimbo mmoja. Ni njia. Kila mughamu, uwe Rast, Shur, Segah, Chahargah au mwingine, una nyumba yake chini, una vituo vyake, na una kilele. Mwimbaji huanza karibu na nyumbani, hupanda kituo kwa kituo, akifika juu sauti inakuwa kama ya mtu aliyeshindwa kujizuia, kisha hurudi haraka. Sehemu kubwa ya safari hiyo haina kipigo cha kuhesabika. Pumzi ndiyo inayoamua. Katikati hupachikwa vipande vyenye mdundo ili watu wapumue. Hayo yote hujifunzwa kwa ustadhi, kwa sikio, miaka na miaka. UNESCO iliutangaza mughamu kuwa miongoni mwa tunu za binadamu mwaka 2003, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha yake ya urithi usioshikika.

Majina kama Rast na Bayati hayatakuwa mageni kwa msomaji wa Unguja au Mombasa anayekaa na watu wa taarabu, kwa kuwa maqamu yetu, yaani ngazi za sauti tunazoimbia, tuliyapata Misri, na Misri, Uajemi na Azerbaijan zimekuwa zikiazimana majina haya tangu zamani. Jina likifanana, haina maana kwamba sauti ni moja. Lakini aliyewahi kukaa karibu na mpiga kanuni ameona anavyoinua vile vishikizo vidogo vya chuma katikati ya wimbo, akienda kuitafuta sauti iliyo kati ya noti mbili. Na aliyekuwepo vinanda vya umeme vilipoingia kwenye vikundi anajua sauti hizo zilikwenda wapi. Zilikwenda likizo. Vipo vinanda vya siku hizi vyenye kitufe cha kuishusha noti robo, lakini wengi wanakisahau.

Basi piano ilikuwa na deni hilo. Tar hutoa sauti 17 ndani ya oktava moja, yaani kutoka noti moja hadi ile ile ya juu yake, piano 12, na hizo 12 zimefungwa na fundi kabla mpigaji hajaketi. Halafu kuna koo. Khanende ana pambo linaloitwa zengule, sauti inakatika-katika haraka kooni, na jina lake limetokana na kengele. Kamancha inaweza kuiteleza noti kama mtu anavyopitisha kidole juu ya kitambaa. Piano haitelezi. Ukishabonyeza kitufe, nyundo imegonga, imeondoka, wewe umebaki kusubiri.

Waliopita njia hii kabla yake

Mtunzi wa Azerbaijan Uzeyir Hajibeyov alilikwepa tatizo kwa namna ninayoipenda. Januari 1908, katika jumba la maonyesho lililojengwa Baku na tajiri wa mafuta Taghiyev, opera yake Leyli na Majnun ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Leyli usiku ule aliigizwa na mwanamume, lakini hilo tuliache. Zilipofika sehemu za mughamu, karatasi ya muziki ilitaja tu jina la mughamu unaotakiwa. Okestra inanyamaza, tar inaingia, mwimbaji anajua mwenyewe la kufanya. Ulaya na Azerbaijan zilikaa benchi moja bila kugusana mabega.

Baadaye Hajibeyov huyo huyo ndiye aliyekaa chini akaupanga muziki wa watu wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1945, akitaja maqamu 7 makuu na kuyaeleza kwa noti 12 za Ulaya. Faida ilikuwa kubwa. Kijana wa konsavatori ya Baku, iliyoanzishwa mwaka 1921, aliweza sasa kuandika kwa Shur bila kuomba radhi kwa mtu yeyote. Hasara ni hizo sauti 5 zilizobaki nje ya mlango. Sisemi alikosea. Nadhani alijua anachokilipa.

Mtunzi Fikret Amirov mwaka 1948 aliandika mughamu mbili kwa okestra kamili, Shur na Kurd Ovshari, na mwongoza okestra Leopold Stokowski aliipeleka moja hadi Houston mwaka 1959. Okestra lakini ina fidla, ina obo. Hivyo vyote vinaweza kushika noti ndefu na kuikunja kidogo. Piano inabaki na shida yake. Gara Garayev, mwanafunzi wa mtunzi wa Urusi Shostakovich na mwalimu wa Ali-Zadeh, aliandika priludi (vipande vifupi) 24 za piano ambamo lafudhi ya kwao inasikika kwenye mdundo na mapindo ya wimbo, ila piano yenyewe ni ya Kizungu kutoka kichwani hadi pedalini.

Vagif Mustafazadeh alipitia jazi. Alikuwa mpiga piano wa Baku aliyefariki Tashkent Desemba 1979 akiwa na miaka 39, na katika muda huo mfupi alionyesha kwamba jazi inairudishia piano kitu ambacho karatasi iliipokonya: ruhusa ya kubuni papo hapo. Jazi haina haya ya kugonga noti mbili jirani kwa pamoja ili sikio lidhani limesikia ile ya katikati. Hiyo ni hila nzuri, na Vagif aliitumia kama mtu aliyezaliwa nayo.

Ilikuwepo pia njia ya kuibadilisha piano yenyewe. Kwenye mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, ambao hata mtunzi wa Hungaria Bartók alihudhuria, suala la piano lilizua ubishi mkali, na kuna mafundi waliounda piano zenye robo za sauti. Hazikuenea. Piano ni kitu kizito, cha gharama, na mpigaji hawezi kusafiri na ya kwake begani kama mwenye udi.

Mkufu

Ali-Zadeh alizaliwa Baku mwaka 1947. Akiwa kijana, katika miaka ya 1970, alikuwa akiwapigia watu wa Baku muziki ambao mji ule ulikuwa hauusikii sana, wa watunzi wa kisasa wa Ulaya na Marekani: Schoenberg, Messiaen, Cage, Crumb. Hapa ndipo ninapoona mzizi wa kisa. Katika miaka ya 1940 John Cage alikuwa akichomeka skrubu, vipande vya mpira na vikorokoro vingine katikati ya nyuzi za piano, mpaka chombo kikatoa sauti za ngoma na kengele. George Crumb, mwaka 1972, alilaza mnyororo mwepesi wa chuma juu ya nyuzi za besi. Mmarekani akifanya hivyo anatafuta sauti isiyokuwa na kwao. Mtoto wa Baku akiisikia sauti hiyo hiyo anaitambua: lo, hii si tar?

Nina hakika wapo watakaosema nakuza mambo. Lakini tazama alichokifanya mwaka 1979, miaka 10 kabla ya mkufu. Aliandika kipande cha selo (fidla kubwa ya sauti nzito) na piano, Habil-Sayagy, yaani kwa mtindo wa Habil, akimkusudia Habil Aliyev, bingwa wa kamancha. Selo ilipewa kazi ya kamancha, na selo inaiweza, kwa sababu inateleza. Piano ikapewa kazi ya waliobaki: tar, udi, ngoma. Mpigaji anatia mkono ndani ya piano, anazidonoa nyuzi, anagonga mbao. Safari nzima inapanda kama mughamu unavyopanda, kutoka utulivu wa mtu mmoja hadi kelele ya furaha. Kipande kile kilifaulu, lakini mzigo mgumu ulibebwa na selo. Swali la piano peke yake lilikuwa bado halijajibiwa.

Mwaka 1989 akalijibu kwa mkufu. Sikuridhika kulisoma jambo hili, nikataka kulishika. Ukumbi mmoja mjini una piano ya kulala, na msimamizi wake aliponiona na shanga mkononi alisimama mlangoni kama ninaingiza mbuzi. Ilibidi nimwahidi kwamba sitachomeka kitu wala kufunga kitu, nitalaza tu. Mkufu wa kwanza ulikuwa wa plastiki. Haukufanya lolote, mwepesi mno. Nikaazima wa dada yangu, wa kioo, mzito. Nilipoulaza karibu na vile vibao vya kitambaa vinavyozima sauti, vilikwama na noti zikaendelea kulia nilipoziachia. Nikausogeza mbele zaidi. Hapo ndipo ulipokubali.

Kilichonishangaza ni hiki. Ukipiga polepole, shanga zimelala, na sauti ni ya piano yenye mafua kidogo. Ukiongeza nguvu, waya unazirusha, zinaruka na kuangukia tena juu ya waya mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na mkwaruzo unaamka. Kwa hiyo uzito wa kidole chako sasa hauamui ukubwa wa sauti tu. Unaamua rangi yake pia. Na kwa kuwa shanga zinaila nguvu ya waya, noti inakufa upesi kama ya chombo cha kudonoa. Ili isife, lazima uirudie, na uirudie haraka, tiki-tiki-tiki, na bila kukusudia mkono wako umeanza kufanya kile anachokifanya mpiga tar na mwimbaji wa zengule. Kanyaga pedali, nyuzi zote zilizo chini ya mkufu zinaitikia kidogo, na hapo zile nyuzi za tar zisizobonyezwa zimepatikana bure.

Shanga hazijaongeza noti hata moja. Sauti ni 12 zile zile. Zilichobadilisha ni namna noti inavyozaliwa na inavyokufa, na kumbe sehemu kubwa ya mughamu ilikuwa imejificha hapo. Mgogo wa Dodoma angeelewa mara moja: ilimba yake hutobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui makusudi ili ivume, na isiyovuma huonekana ina upungufu.

Jambo la pili ni mahali shanga zilipo. Ziko katikati tu. Besi ziko wazi, na noti za juu ziko wazi. Piano moja, basi, ina watu wawili ndani yake: yule wa katikati mwenye lafudhi ya Baku, na yule wa pembeni aliyesoma Ulaya. Mkono ukivuka mpaka, sikio linajua umevuka. Mtunzi mwingine angeitega piano nzima ili kuificha asili yake. Huyu aliacha mshono uonekane, na mimi nauona huo kuwa ndio uamuzi mkubwa kuliko shanga zenyewe. Opera ya 1908 ilizitenga pande mbili kwa zamu. Hapa zinakaa kwenye mikono miwili ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja.

Mahali panapovuja

Kuna mambo ambayo mkufu hauyawezi. Mughamu hubuniwa mbele ya watu, na hiki ni kipande kilichoandikwa. Kila noti inayosikika kama imebuniwa papo hapo iliamuliwa mezani. Ali-Zadeh akikipiga mwenyewe, kama alivyofanya kwenye sahani ya muziki iliyotoka mwaka 2005 ikiwa na kazi zake alizopigiwa pia na Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne la Marekani, unamwamini, kwa sababu pumzi ni yake. Mpigaji wa mbali asiyewahi kumsikia khanende atahesabu, na kuhesabu kunasikika.

Hatari nyingine ni kwa msikilizaji. Mkwaruzo ule ni mtamu, na utamu unaweza kumridhisha mtu akadhani ameshaijua Azerbaijan, kama mtalii anayenunua mkoba wa mkeka Darajani akasema ameijua Zanzibar. Kosa hilo si la mtunzi, ila chombo alichokichagua kinalikaribisha.

Na zile sauti 5? Nilimpelekea swali hilo maalim mmoja wa mjini, mpiga kanuni wa siku nyingi. Nikamwamkia, tukanywa kahawa, nikamwekea kipande kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Ni piano hii?"

"Ni piano, maalim. Ametia shanga."

"Nimezisikia." Akanyamaza kidogo. "Na sika yake iko wapi, mwanangu? Ile sauti ya kati?"

"Haipo. Piano haina."

"Basi huyu bibi anaizunguka nyumba. Kila dirisha amechungulia. Mlangoni hajaingia."

Nikadhani mazungumzo yameisha, nikanyoosha mkono kuchukua simu. Akanizuia. Akavaa risha zake za kudonolea nyuzi kwenye vidole vya shahada, akaivuta kanuni mapajani, akaniambia nirudishe pale mkono unapoanza kupanda. Nikarudisha. Akainua kishikizo kimoja kwa kidole gumba, akaisubiri noti ya piano ifike, na ilipofika akaigusa ya kwake pembeni yake, chini kidogo tu.

"Tena," akasema.